Siku Tano Bila Chumvi: Namna ya Kufunga Jaya Parvati

Kila mwaka, usiku wa kuamkia siku ya kwanza, simu yangu hailali. Mpwa wangu anauliza kama biskuti zinaruhusiwa. Binti wa jirani anauliza kama chumvi ya mawe nayo ni chumvi. Nami nawauliza wote swali moja: javara zako, yale machipukizi ya ngano ya ibada, zimefika urefu gani? Hapo kimya. Wameifikiria chumvi, wameusahau udongo, na ngano haioti kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo nimeona niandike, na niandike kwa Kiswahili, kwa sababu wasichana wetu wa Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wengi wao Kigujarati wanakisikia lakini hawakisomi. Vijitabu vya ibada walivyoachiwa na bibi zao vinakaa kabatini. Na wako wake wa watoto wetu waliotoka jamii nyingine, wanaotaka kufunga pamoja na mama mkwe na wanaona haya kuuliza.

Jaya Parvati Vrat ni nadhiri ya wanawake wa Gujarat, magharibi mwa India. Kwa siku tano mwanamke anaacha chumvi, anamwabudu mungu wa kike Parvati na mumewe Shiva kila asubuhi, na usiku wa tano anakesha. Aliyeolewa anamwombea mumewe umri mrefu na nyumba yake heri. Ambaye hajaolewa anaomba mume mwema, kama Parvati mwenyewe alivyofunga na kujinyima mpaka Shiva akamkubali.

Kwanza, hakikisha tarehe na hakikisha nadhiri

Jaya Parvati huanza siku ya kumi na tatu ya mwezi unaokua wa Ashadh, mmoja wa miezi ya kalenda ya Kihindu, siku tunayoiita Teras, na kumalizika siku ya tatu baada ya mwezi mpevu. Mwaka 2023 ilianza tarehe 1 Julai, mwaka 2024 ikaanza tarehe 19 Julai, na mwaka 2025 tarehe 8 Julai. Anayeijua Ramadhani ataelewa: mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, basi tarehe inarudi nyuma. Tofauti ni kwamba kalenda yetu huongeza mwezi mzima kila baada ya takriban miaka mitatu, ndiyo maana nadhiri hii haihami msimu wake. Usichukue tarehe kwenye picha uliyotumiwa kwa simu. Waulize hekaluni kwenu, wanayo panchang, kalenda ya ibada, ya mwaka.

Usiichanganye na Gauri Vrat, ambayo huanza siku mbili kabla, siku ya kumi na moja, na kuishia siku ya mwezi mpevu. Hiyo ni ya wasichana wadogo. Nayo ni siku tano bila chumvi, na wengi huiita Molakat. Kwa kawaida mtoto huanza na Gauri, akishakua ndipo anaingia Jaya Parvati. Mwaka 2025 Gauri ilianza tarehe 6 Julai, kwa hiyo nyumba yenye mabinti wa rika mbili ilikuwa na vyungu vya javara viwili dirishani na ratiba mbili jikoni.

Jambo la kuamua kabla hujagusa chochote: Jaya Parvati haifungwi mwaka mmoja ikaachwa. Ukianza, unaendelea miaka mitano, saba, tisa, kumi na mmoja, au ishirini, kadiri ulivyonuia. Hapa nasema wazi ninavyoona mimi. Usimfungishe msichana asiyetaka. Nimeona mama akimlazimisha binti yake, na binti akawa anakula krispi chooni. Nadhiri ni ya anayeiweka. Mweleze maana yake, mwache afikirie, na akisema si mwaka huu, mwaka ujao upo.

Kuotesha javara

Hapa ndipo kazi ilipo. Javara ni machipukizi ya ngano kwenye bakuli la udongo, na kwa siku tano ndiyo unayoyaabudu pamoja na sanamu au picha ya Shiva na Parvati. Kule Gujarat nadhiri inakuja mvua za Ashadh zikiwa zimeshalainisha ardhi na mashamba yameanza kijani. Kwetu pwani Julai ni kipupwe, kusi inavuma, na Nairobi ni baridi ya kutetemeka. Mbegu zinalijua hilo hata kama kalenda haisemi.

Kwa hiyo Mombasa, Dar au Zanzibar, panda siku sita au saba kabla. Nairobi panda siku tisa au kumi kabla, na usiku liingize bakuli jikoni karibu na jiko. Unataka javara zifike kama shibiri moja siku ya kwanza, zimesimama, hazijaanza kulala.

Tafuta bakuli la udongo pana na fupi, lenye tundu chini. Kama halina, weka kokoto chache kabla ya udongo. Chekecha udongo wa bustani, uchanganye na samadi ya ng'ombe iliyokauka na kuoza vizuri, sehemu tatu za udongo kwa moja ya samadi. Samadi mbichi huchoma mbegu.

Ngano nunua nzima sokoni, kwa muuza nafaka. Usinunue mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa dawa ya rangi nyekundu au waridi, maana utazishika kwa mikono kila siku na watoto watazigusa. Chagua, toa zilizovunjika, loweka usiku mzima, asubuhi chuja. Tandaza juu ya udongo kwa wingi, punje zikaribiane kama watu msikitini siku ya Idi, kisha nyunyiza udongo mwembamba juu yake na funika kwa kitambaa chenye unyevu mpaka uone ncha nyeupe. Siku ya pili au ya tatu toa kitambaa, weka dirishani penye mwanga, pasiwe na jua kali la saa saba.

Kwa Jaya Parvati nyumba nyingi huotesha ngano tupu. Wasichana wa Gauri Vrat huotesha mbegu saba: ngano, shayiri, ufuta, choroko, mbaazi, kunde na mchele. Zote ziko sokoni kwetu, lakini angalia: choroko na mbaazi ziwe nzima, si zile zilizopasuliwa. Shayiri iwe na ganda. Ufuta usiwe wa kukaangwa. Na mchele hauoti hata uusomee dua gani, tafuta mpunga. Nimewahi kumwona mtoto akilia mbele ya bakuli lenye mimea sita, akidhani Gormaa, yaani Parvati wetu wa watoto, amemkasirikia. Kumbe mama yake alitia mchele wa pilau.

Maji ndiyo huua javara nyingi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikimwagilia kila nilipopita, asubuhi, nikitoka shule, kabla ya kulala. Siku ya nne bakuli lilianza kunuka, na nilipovuta jani moja likatoka na mzizi mweusi wenye utelezi. Ba, bibi yangu mzaa baba aliyezaliwa kijijini Saurashtra huko Gujarat, hakunigombeza. Alichukua kidole changu akakichomeka kwenye udongo mpaka kiungo cha kwanza, akaniuliza, "Unahisi nini?" Nikasema ubaridi, Ba. "Basi anayo maji. Mwache." Mpaka leo nampima hivyo hivyo: kidole kikitoka kikavu, nyunyiza kwa mkono, usimimine kwa kikombe. Na siku zote panda bakuli la akiba. Ba alikuwa nalo, nyuma ya mlango, na ndilo lililoniokoa.

Nagla

Nagla ni mkufu wa pamba unaowekwa juu ya javara. Utahitaji pamba ya hospitali, kumkum, yaani unga mwekundu wa ibada, na maji kidogo. Vuta ukanda mrefu wa pamba bila kuukata. Shika mwanzo wake, lowesha kidole gumba na cha shahada, sokota sehemu fupi mpaka iwe uzi, acha sehemu ya pamba iliyovimba kama punje ya njugu, sokota tena, acha tena. Ukimaliza utakuwa na mkufu wa vishada vyeupe. Koroga kumkum kwa matone ya maji mpaka iwe nzito, gusa kila kishada kwa ncha ya kidole. Nukta moja, usilowanishe, kwa sababu pamba hunyonya na rangi ikisambaa mkufu wote unakuwa kama bandeji.

Fanyeni kazi hii pamoja, wanawake wa nyumba nzima, siku moja kabla. Mimi nilijifunza mambo mengi ya ndoa kwenye mkeka huo wa kusokota nagla kuliko mahali pengine popote. Shangazi zangu walikuwa wakisema pale yale wasiyoyasema mezani.

Jiko la siku tano

Chumvi zote zinaachwa. Kwenye mifungo mingine, kama Ekadashi, tunakula chumvi ya mawe, sindhav, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa. Kwenye nadhiri hii hata hiyo imo kwenye katazo.

Chumvi ya kijiko ni rahisi kuiacha. Iliyojificha ndiyo inayovunja nadhiri. Mkate wa dukani una chumvi. Siagi ya kopo, jibini, biskuti nyingi, vidonge vya mchuzi, achari, chevda, vyote vina chumvi. Njugu za barabarani hukaangwa kwa maji ya chumvi hata kama huioni. Siku moja kabla, toa vitu hivi kwenye rafu unayoifikia mkono, viweke juu au kabati lingine. Mwiko na sufuria za chakula chako zitenge, na mwambie anayekusaidia jikoni kabla ya siku, kwa upole na kwa maelezo, maana mkono uliozoea kutia chumvi huitia bila kufikiri.

Kuhusu ngano, nyumba hutofautiana. Wako wanaokula chapati isiyo na chumvi kwa samli na maziwa, na wako wanaoiacha ngano na mboga zote mpaka siku ya kufungua. Wengine hula mara moja tu kwa siku. Fuata ya nyumba uliyomo. Kama umeolewa, ya mama mkwe wako, muulize mapema na umwombe akuoneshe, "Mama, kwenu mnafungaje?" Swali hilo tu limewahi kulainisha nyumba ngumu.

Ukiruhusiwa ngano, chakula kinachokushikilia ni sukhdi. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano, robo tatu ya kikombe cha samli, na robo tatu ya sukari guru iliyokunwa. Yeyusha samli kwenye karai, tia unga, koroga kwa moto mdogo bila kuondoka mpaka ugeuke rangi ya dhahabu na jiko zima linukie. Ondoa karai motoni. Subiri kama dakika moja, ndipo utie sukari guru. Ukiitia juu ya moto itakuwa ngumu kama kokoto. Changanya haraka, mimina kwenye sinia lililopakwa samli, kata vipande ingali na joto. Vipande viwili na glasi ya maziwa, na unaweza kwenda kazini.

Mengineyo ni matunda, tende, korosho na lozi mbichi, na maziwa ya moto yenye iliki. Siku ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Kichwa kinauma kidogo na kila kitu kinaonja sukari. Kata limau ulambe, itakusaidia.

Asubuhi, siku zote tano

Amka kabla ya wengine, oga, vaa nguo safi. Aliyeolewa avae bangili zake na kumkum. Safisha pembe ya ibada, weka kigoda chenye kitambaa chekundu, juu yake picha au sanamu ya Shiva na Parvati, na bakuli la javara mbele. Nyunyiza javara maji, weka nagla, gusa kwa kumkum, dondosha punje chache za mchele usiovunjika, weka maua. Asumini inatosha. Washa taa ya samli na udi wa vijiti. Kwenye sinia weka tambuu na popoo, nazi, na tunda au kitamu kisicho na chumvi. Kama unapata majani ya bilva mtolee Shiva. Majani ya mrehani mtakatifu, tulsi, usimwekee.

Kisha kisa kisomwe, na asiyejua kusoma asikilize. Kwa kifupi ni hiki: mjini Kaundinya aliishi Brahmani, mtu wa tabaka la makuhani, jina lake Vaman, na mkewe Satya. Walikuwa na kila kitu ila mtoto. Waliambiwa kwamba porini kuna linga, jiwe la kumwabudia Shiva, iliyotelekezwa, haina anayeihudumia. Wakahamia huko, wakaisafisha, wakaitunza. Siku moja Vaman alikwenda kuchuma maua ya ibada, akaumwa na nyoka. Jua likapanda, mume hakurudi. Satya akatoka kumtafuta, akamkuta amelala chini. Akamlilia Parvati, na Parvati akamrudishia mumewe uhai, kisha akamwambia ashike nadhiri hii. Baadaye wakapata mtoto wa kiume.

Kisomeni polepole. Mimi hupenda pale Satya anapotoka kumtafuta. Haambiwi na mtu. Jua limepanda na mumewe hajarudi, anatoka.

Maliza kwa aarti, wimbo wa kuzungusha taa, kisha gawa prasad, chakula kilichotolewa kwenye ibada. Inachukua nusu saa. Ukiingia hedhi katikati, kwa desturi unaendelea kufunga, na mama au dada anakufanyia ibada kwa niaba yako. Nadhiri haijavunjika, na msichana asiachwe alie kwa jambo ambalo mwili wake umeumbiwa.

Ukila chumvi kwa kusahau, osha kinywa, kaa mbele ya javara, omba radhi, endelea. Hivyo ndivyo Ba alivyonifanyia nilipolamba kidole chenye mchuzi wa bhajia.

Afya

Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huzimaliza siku hizi tano salama, maana maziwa na vyakula vingine vina chumvi yake ya asili. Lakini mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa wa figo au kisukari, na anayemeza dawa za presha, hasa zile za kukojosha, amwone daktari kwanza. Usikimbie mbio juani siku hizo, na usijijaze maji kupita kiu. Misuli ikikaza, ukatapika, ukahisi umechanganyikiwa, fungua papo hapo na uende hospitali. Watoto wa Gauri waangaliwe kwa karibu zaidi, na shule ijulishwe.

Kesha

Usiku wa siku ya tano hatulali. Tunauita jagran. Kule Ahmedabad mitaa hujaa wasichana na ndugu zao mpaka alfajiri. Huku kwetu tunakusanyika nyumba moja au hekaluni, tunaimba bhajan, tunacheza garba, tunacheza keram na karata, tunapakana hina.

Pangeni mambo matatu mapema. Nyumba yenye majirani wasiokerwa na kelele, au kuwaomba radhi kabla. Shuka na masweta, kwa sababu saa tisa usiku wa Julai ni baridi hata Mombasa. Na dereva aliyelala. Hili nalisisitiza: asiendeshe gari asubuhi mtu aliyekesha. Kaka, baba, mume, yeyote aliyelala ndiye aje kuwachukua. Saa kumi alfajiri ndipo macho yanaposaliti, basi wekeni garba kwa saa hiyo, karata zichezwe mapema.

Kuzipeleka javara na kufungua

Asubuhi ya siku ya sita oga, fanya ibada ya mwisho, kisha chukua javara majini, mtoni, ziwani au baharini. Zibebe kwenye kikapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania bara tangu 2019, na hata isingekuwa marufuku, Parvati hatumpelekei plastiki. Zing'oe javara kwa uangalifu, zikiwa na mizizi iliyosukana kama mkeka, na hizo tu ndizo uziache majini pamoja na maua. Bakuli rudi nalo. Kama hakuna maji karibu, wengine humpa ng'ombe au huzifukia bustanini, na ni vizuri.

Chakula cha kufungua kiwe na chumvi, ngano na mboga. Usikimbilie samosa na pilipili, tumbo limepumzika siku tano. Kwetu ni chapati, bamia, na dali nyepesi. Tonge la kwanza utaliona lina chumvi nyingi mno hata kama aliyepika ameitia kidogo. Mume wangu, ambaye tangu tulipooana huacha chumvi pamoja nami siku ya tano, hufunga macho anapolimeza.

Ukitimiza idadi ya miaka uliyonuia, unafanya ujavanu: unawaalika wanawake wenye waume zao, unawalisha, unawapa bangili, kumkum, wanja, kitana na kioo. Anza kuweka akiba mwaka mmoja kabla, na waalike pia waliokaa nawe kwenye mkeka wa nagla.

Bakuli la udongo lioshe kwa maji matupu bila sabuni, lianike juani siku mbili mpaka lilie kama kigae ukiligonga, kisha ligeuze kifudifudi juu ya kabati. Ndani yake weka karatasi yenye tarehe ulizopanda na urefu zilizofika. Mwaka kesho hutahitaji kunipigia simu.